Kabla ya Rafiki: Robert Guillaume na mtumishi aliyejibu

Watoto wengi wa Afrika Mashariki waliokua miaka ya 1990 wanaijua sauti ya Robert Guillaume, ingawa ukiwatajia jina hilo watakutazama tu. Ndiye nyani mzee wa filamu ya katuni The Lion King, yule Rafiki mwenye bakora na vibuyu, anayecheka mpaka mwili mzima unatikisika, kisha ghafla ananyamaza na kutamka neno linalomchoma Simba moyoni. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1994. Mwaka huohuo ndipo matangazo ya televisheni yalipoanza Tanzania Bara (Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970), kwa hiyo kazi iliyompa Guillaume jina kubwa kwao Marekani, ya mtumishi wa nyumbani aitwaye Benson, ilikuwa imeanza na kumalizika bila wengi wetu kuiona. Sisi tulimpokea akiwa na miaka 66, mzigo mzito ameshautua. Nataka kuisimulia sehemu ile tuliyoikosa, maana asiyeijua humwona Rafiki kuwa nyani wa kuchekesha na basi.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1927 mjini St. Louis, jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi. Jina la kuzaliwa lilikuwa Robert Peter Williams. Hilo la Guillaume, ambalo ni Williams kwa Kifaransa, alijichagulia mwenyewe alipoamua kuishi kwa kazi ya jukwaani. Mama yake hakuweza kumlea. Aliyemkuza ni bibi yake, Jeannette, katika umaskini, na katika jimbo ambalo sheria ilitenga shule za Weusi na za Weupe. Mwaka 1945 aliingia jeshini, akatoka, akahangaika na kazi za hapa na pale, kisha akajiandikisha Chuo Kikuu cha Washington, kilichopo palepale St. Louis, kusomea uimbaji. Alitaka kuimba opera. Sauti alikuwa nayo, ya tenori, lakini nafasi zilikuwa chache mno kwa mtu wa rangi yake: Marian Anderson, mmoja wa waimbaji wakubwa wa karne ile, aliruhusiwa kuimba katika jukwaa la Metropolitan Opera la New York kwa mara ya kwanza Januari 1955, akiwa na miaka 57.

Mwaka 1957 Guillaume alipata ufadhili wa kushiriki tamasha la muziki la Aspen, Colorado, na kutoka huko akaenda Cleveland, Ohio, kujifunza kazi katika jumba la sanaa liitwalo Karamu. Jina hilo ni letu, na halikufika pale kwa bahati. Jumba lilianzishwa mwaka 1915 na mke na mume, Rowena na Russell Jelliffe, likiwa kituo cha kuwakutanisha majirani wa rangi zote; mwaka 1941 kituo chote kikachukua jina hilo la Kiswahili. Miaka 25 kabla Maulana Karenga hajaanzisha sikukuu ya Kwanzaa, Wamarekani Weusi wa Cleveland walikuwa tayari wanaigiza chini ya neno lililotoka pwani ya Afrika Mashariki. Mshairi Langston Hughes alionyesha michezo yake pale. Kwa kijana aliyetoka St. Louis, Karamu ilikuwa mahali ambapo mwigizaji Mweusi aliweza kupewa nafasi ya mfalme, ya mpenzi, ya mwizi au ya padri, na si ya kubeba sinia peke yake.

Miaka ishirini iliyofuata ilikuwa ya muziki wa jukwaani. Alisafiri Ulaya na onyesho la Free and Easy, ambalo bendi yake iliongozwa na Quincy Jones. Oktoba 1961 alikuwa Broadway katika Kwamina, mchezo wa kuimba kuhusu nchi ya Afrika Magharibi inayokaribia uhuru, ambamo mtoto wa chifu aliyesoma Uingereza anapendana na daktari wa kizungu. Ulifungwa baada ya maonyesho 32, wiki chache kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa. Wamarekani hawakuwa tayari kulipa kiingilio kutazama mapenzi ya namna ile. Mwaka 1972 akapewa uhusika mkuu katika Purlie, wa mhubiri mwenye maneno mengi na moto mwingi. Na mwaka 1976 akacheza Nathan Detroit, mchezesha kamari asiyetaka kuoa, katika Guys and Dolls iliyochezwa na waigizaji Weusi watupu. Huyo Nathan ndiye aliyemtoa. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony, na watu wa televisheni wakaanza kuuliza ni nani huyu anayechekesha bila kukimbilia kicheko.

Kabla ya kufika kwa Benson, lazima tujue uchekeshaji wa Weusi ulikuwa umepita wapi Marekani, kwa sababu kisa hicho kwanza ni kisa cha sauti. Mwaka 1928, kwenye redio ya Chicago, ilianza Amos 'n' Andy, hadithi ya mfululizo ya wanaume wawili Weusi waliohamia mjini. Nchi nzima iliisikiliza. Waliokuwa wanazungumza ni Freeman Gosden na Charles Correll, wazungu wawili, wakipinda Kiingereza na kukivunja ili mtu Mweusi asikike mjinga. Redio haionyeshi uso, hivyo kwa miaka mingi mamilioni ya watu waliamini kwamba hivyo ndivyo majirani zao wanavyosema. Hadithi ilipohamia televisheni mwaka 1951 wakatafutwa waigizaji Weusi kweli, na wakatakiwa kusema kama wale wazungu walivyokuwa wamewasemea. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kilipinga kwa nguvu, na mwaka 1953 kipindi kikasimama.

Kwenye filamu hali ilikuwa hiyohiyo. Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza yaya katika Gone with the Wind, akaipokea akitoka kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile. Aliyepata upenyo ni Eddie Anderson, mwenye sauti ya kukwaruza kama msasa, aliyeanza mwaka 1937 katika kipindi cha redio cha Jack Benny na akaja kuwa Rochester, mtumishi wa Benny. Rochester alikuwa mtumishi, lakini alikuwa anajibu. Bosi ni bahili, ni mwenye majivuno, na Rochester anamwambia. Ukiusikiliza ucheshi ule leo utakuta bado umechanganyika na mambo ya aibu, hasa miaka ya mwanzo. Hata hivyo mimi naamini Benson asingezaliwa bila Rochester, na ni haki Eddie Anderson atajwe kila Guillaume anapotajwa.

Tarehe 13 Septemba 1977 kituo cha ABC kikarusha Soap, tamthilia ya vichekesho iliyoandikwa na Susan Harris. Kabla haijaonekana hata mara moja, ABC ilikuwa imeshapokea barua zaidi ya 30,000 za kuipinga, nyingi kutoka kwa waumini walioambiwa kwamba imejaa uzinzi. Katika familia ya kina Tate, watu wenye fedha na akili zilizoruka, kulikuwa na mtumishi na mpishi aitwaye Benson DuBois. Guillaume alisita kuichukua kazi hiyo. Baada ya Karamu, baada ya Broadway, baada ya Purlie, anarudishwa jikoni na aproni kiunoni? Msomaji ambaye babu yake aliitwa “boi” akiwa na mvi kichwani, Nairobi au Tanga, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu angesita.

Aliikubali baada ya kuona kwamba katika nyumba ile mwenye akili timamu ni Benson. Kisha akaicheza kwa namna yake. Kengele ya mlango inalia. Kina Tate wote wamekaa, hakuna anayejisogeza, wanamsubiri mtumishi. Benson naye hajisogezi. Anautazama mlango. Anawatazama wao, mmoja mmoja. Ndipo anauliza, kwa adabu kamili, kama wangependa yeye akafungue. Kicheko kilikuwa kinaanza kabla hajafungua mdomo, kwa sababu watazamaji walishajua kwamba katika ule ukimya mtu anapimwa. Hakupayuka wala hakukodoa macho, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha waajiri wake. Alimpenda Jessica, mama wa nyumba, na alionyesha hivyo. Chester, mume wa Jessica, Benson alimdharau waziwazi, na mshahara haukumzuia.

Hapa ndipo mafunzo ya uimbaji yalipoonekana. Mwimbaji wa opera anafundishwa kuhesabu kimya kama anavyohesabu noti: ukiingia mapema umeharibu, ukichelewa umeharibu. Guillaume alikuwa na uwezo wa kushikilia pumzi ya ukumbi mzima, kisha kuiachia kwa neno moja lililotamkwa taratibu. Mchekeshaji anayetegemea ukelele huchoka, na humchosha mtu. Yeye alishusha sauti pale wenzake walipopandisha.

Septemba 1979 alipata tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi wa vichekesho kwa kazi ya Soap, na mwezi huohuo ABC ikamwanzishia kipindi chake mwenyewe, Benson. Jessica anamtuma akasaidie nyumba ya binamu yake, gavana Eugene Gatling, mjane mwenye moyo mzuri asiyejua aanzie wapi. Benson anafika kama msimamizi wa watumishi na kukuta kila mtu amepotea: mtunza nyumba wa Kijerumani, Gretchen Kraus, mkali kama pilipili, na mtoto Katie anayehitaji mtu wa kumsikiliza; baadaye akaja msaidizi wa gavana, Clayton Endicott, aliyechezwa na René Auberjonois, mwenye maringo yasiyo na msingi. Vipindi 158 vilitengenezwa, hadi tarehe 19 Aprili 1986. Katika muda huo Benson akapanda: kutoka jikoni hadi mkuu wa bajeti ya jimbo, kutoka hapo hadi naibu gavana, na mwishowe akagombea ugavana dhidi ya Gatling mwenyewe. Kipindi cha mwisho kinawaonyesha wawili hao wamekaa pamoja wakisubiri matokeo mbele ya televisheni. Mtangazaji anapokaribia kumtaja mshindi, picha inagandishwa, na mambo yanaishia hapo.

Wakati huo Marekani ilikuwa haijawahi kumchagua gavana Mweusi kwa kura. Douglas Wilder wa Virginia alichaguliwa mwaka 1989, miaka mitatu baadaye.

Lazima niseme pia kwamba Benson wa ikulu hakuwa mkali kama Benson wa jikoni. Kadiri cheo kilivyopanda ndivyo ulimi ulivyopoa. Akawa mtu mwema, mtatuzi wa matatizo ya watu, na baadhi ya vipindi vya miaka ya mwisho vinaweza kutazamwa bila kucheka hata mara moja. Ucheshi wake ulitoka katika pengo kati ya nafasi aliyopewa na akili aliyokuwa nayo. Pengo lilipozibwa, heshima ikabaki na kicheko kikapungua. Sidhani Guillaume alijuta. Alikuwa amempeleka mtumishi mahali ambapo hakuna mtumishi wa televisheni aliyewahi kufika, na mwaka 1985 akapewa Emmy ya mwigizaji bora wa kiume wa vichekesho, mtu Mweusi wa kwanza kuipata. Hivyo akawa mmoja wa watu wachache waliopata tuzo mbili za Emmy kwa mhusika mmoja, moja akiwa msaidizi na nyingine akiwa kiongozi, katika vipindi viwili tofauti vya vichekesho.

Mwaka 1989 ABC ilimpa kipindi kingine, The Robert Guillaume Show, cha mshauri wa ndoa aliyeachika na anayempenda katibu wake wa kizungu. Hakikudumu. Ilikuwa Kwamina tena, miaka 28 baadaye.

Mwaka uliofuata akaipata ile opera aliyoikosa ujanani, au kitu kilichokaribia kuwa opera. Michael Crawford alipoiacha The Phantom of the Opera mjini Los Angeles mwaka 1990, Guillaume akachukua nafasi yake, Mweusi wa kwanza Marekani kuicheza. Alikuwa na miaka 62. Watu waliomjua kwa Benson walikwenda wakitegemea kumwona mchekeshaji amevaa kinyago, wakakutana na tenori. Mwaka huohuo alimzika mwanawe, Jacques, aliyefariki kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, wakati ambapo familia nyingi, Marekani na kwetu, zilikuwa bado zinauficha ugonjwa huo. Baadaye aliliandika jambo hilo bila kuficha katika kitabu cha maisha yake, Guillaume: A Life, kilichotoka mwaka 2002.

Ndipo tunafika kwa Rafiki.

Katika filamu za katuni za Disney sauti hutangulia picha. Mwigizaji husimama peke yake mbele ya kinasa sauti, mara nyingi bila mwenzake wa kujibizana naye, huku anapigwa picha ili wachoraji waone uso na mikono yake inavyokwenda. Kwa hiyo cheko la Rafiki lilikuwepo kabla ya meno ya Rafiki. James Baxter, mchoraji aliyemsimamia nyani huyo, alikuwa na sauti mkononi kabla ya kuchora mwendo, na ukitazama kwa makini utaona mwili unavyofuata pumzi ya Guillaume: bega linapanda anapovuta hewa, bakora inatua pale anapokata neno.

Waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff walimpa mhusika ambaye ni mganga, kuhani na kichaa kwa pamoja, na Guillaume akakataa kuchagua mojawapo. Anapokutana na Simba msituni anaanza na wimbo wa kipuuzi, wenye shukrani za Kiswahili na matusi mepesi ya kunyaniana ambayo mtoto wa Tanga au Mombasa aliyasikia akaruka kwenye kiti. Simba anamwona mwendawazimu. Halafu sauti inashuka, polepole, na mwendawazimu anageuka kuwa mtu pekee anayejua Simba ni mtoto wa nani. Muda mfupi baadaye anampiga kichwani kwa bakora, na maumivu ya kipigo hicho ndiyo somo lenyewe. Nikilitazama tukio hilo namwona Benson. Yuleyule anayechukuliwa kuwa si kitu, anayesubiri, anayejua kuliko mfalme.

Lafudhi aliyoibuni kwa ajili ya nyani huyo haina kwao. Haitoki Kenya, haitoki Nigeria, haitoki Jamaika; ni Afrika ya kufikirika, na Mwafrika anayeisikiliza ana haki ya kukereka. Hata mnyama mwenyewe hana makazi: uso wake ni wa mandrill, anayeishi katika misitu ya Kameruni na Gaboni na si mbugani kwa simba, ila mkia ni mrefu kama wa nyani wetu. Mimi nakereka na lafudhi, kisha Guillaume anacheka, na ninasamehe. Kile kicheko hakikubuniwa. Kila kijiji nilichowahi kukaa kina mzee anayecheka hivyo, kabla hajakuambia jambo ambalo hukutaka kulisikia.

Mapato ya filamu yalipita dola milioni 700 katika awamu ya kwanza, na Guillaume akaendelea na Rafiki katika mfululizo wa televisheni wa Timon na Pumbaa, katika filamu zilizofuata za 1998 na 2004, na hata katika michezo ya kompyuta. Mwaka 1995 alipata tuzo ya Grammy kwa kuwasomea watoto hadithi ya The Lion King kwenye kanda. Lakini kazi ya sauti aliyoionea fahari zaidi, kwa ninavyoona, ilikuwa ya nyumbani. Kuanzia mwaka huohuo 1995 hadi 2000, yeye na mkewe, Donna Brown Guillaume, walikuwa na kipindi cha katuni cha HBO ambacho kilizichukua hadithi za kale za Ulaya na kuzihamishia kwa watu wengine duniani: yule msichana wa kofia nyekundu anayekutana na mbwa mwitu akawa Mchina, na wengine wakawa Weusi au Walatino. Msimulizi alikuwa Guillaume, na safari hii alisema kwa sauti yake mwenyewe, isiyo na lafudhi ya kubuni, ile ya kina iliyotulia.

Mwaka 1998 mwandishi Aaron Sorkin akamwingiza katika Sports Night, tamthilia kuhusu chumba cha habari za michezo, akiwa mhariri mtendaji Isaac Jaffe. Tarehe 14 Januari 1999, akiwa kazini studio, alipata kiharusi. Miaka 71. Mguu wa kushoto ulidhoofika, kusema aliweza. Kwa kawaida ya biashara ile mhusika angepelekwa safari ya mbali na kusahaulika. Sorkin aliandika kwamba Isaac naye amepata kiharusi, na Guillaume akarudi mbele ya kamera akitembea na fimbo, mwendo wake ukiwa ni ule uliobaki kweli. Watazamaji waliuona ugonjwa wenyewe, kwa mtu aliyeupata, na bado alikuwa anaweza kuwachekesha kwa kuchelewesha neno. Baada ya hapo alizunguka akizungumza na wagonjwa wa kiharusi na familia zao, na akaonekana kama daktari katika Big Fish ya Tim Burton mwaka 2003.

Alifariki Los Angeles tarehe 24 Oktoba 2017 kwa saratani ya tezi dume, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 90. Ile Emmy ya mwigizaji bora wa vichekesho aliyoishinda mwaka 1985 haikuwa imekwenda kwa mtu Mweusi mwingine kwa miaka 32, mpaka Septemba 2017, wiki tano kabla ya kifo chake, ilipochukuliwa na Donald Glover. Disney ilipoirudia The Lion King mwaka 2019, sauti ya Simba mkubwa ilikuwa ya Glover huyohuyo, na Rafiki akapewa John Kani, mzee wa jukwaa wa Afrika Kusini aliyeanza kuigiza chini ya ubaguzi wa rangi, ambaye hakuhitaji kubuni lafudhi yoyote.